Sakafu ya Shangazi

Siku ya nne baada ya mafuriko, fundi mwashi alikuwa ameshaziba madirisha mawili ya shule, ametengeneza bomba la uani, amebeba magodoro thelathini na ushei, na bado alitafuta kazi. Wenzake wa kujitolea walikaa wakanywa chai. Yeye, kiguu na njia. Akiona bati limelegea, yuko juu ya paa. Akiona kitasa kibovu, bisibisi hii hapa. Watu waliokimbia kutoka bondeni na kulala madarasani walimwombea dua asubuhi na jioni, na kila dua ilimchoma.

Shangazi yake alilala darasa la tatu, godoro la kwanza karibu na mlango. Ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Nyumba yake sasa ilikuwa imelala kifudifudi bondeni, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu kwa sababu alikuwa ametoka kwenda chooni.

"Yule mnayemwona juu ya paa ni mwanangu," aliwaambia majirani wa godoro. "Ndiye aliyenijengea. Maji yale hata ngome yasingeiacha."

Maji yanasingiziwa mengi. Nyumba za jirani, kuukuu kuliko ile, zilikuwa bado zimesimama na tope lao hadi dirishani. Miaka miwili nyuma shangazi alinunua saruji ya kutosha nyumba nzima, na kopo kubwa la rangi nyekundu ya sakafu, maana tangu usichana alitamani sakafu nyekundu inayong'aa. Fundi naye alikuwa anamalizia nyumba yake kilimani ili aoe. Nusu ya mifuko ikapanda kilima kwa mkokoteni, kopo la rangi likiwa juu yake, na kuta za shangazi zikapata saruji ya kuonjesha mchanga tu. Akaambiwa mvua imenyesha, mifuko imeganda mawe, rangi imeharibika. Bibi wa watu akampa pole yeye fundi, kwa usumbufu alioupata.

Tangu hapo fundi hakuwahi kumkaribisha shangazi kwake. Mara mbwa mkali, mara mke kasafiri, na magoti ya shangazi yalimsaidia, kwani hayakupatana na kilima. Mbwa mwenyewe alishakufa zamani. Na sasa watu walipouliza mbona hamchukui mzee wake, alijibu kuwa maji yameingia kwake pia. Kilimani huko. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu aliikimbia kwa nguvu zote.

Siku hiyo ya nne mwalimu mkuu, mwenye daftari la waliohifadhiwa, alisimama kando ya godoro la shangazi akasikiliza kikohozi.

"Kifua hiki hakitaki saruji ya darasa," alisema. "Nesi anahofia nimonia. Fundi, wewe si unakaa kilimani? Maji yalifikaje huko?"

"Ngoja kwanza nizibe huu mlango, Mwalimu. Upepo ndio unaomuumiza."

Akatoka mbio kutafuta ubao. Akaugongomea. Akasogeza godoro, akaongeza la pili chini yake, akaleta blanketi, akarudi na jingine. Kila aliponyamazisha nyundo alisikia kile kikohozi, kwa hiyo akazidi kugonga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenzetu alikuwa amemaliza nyufa zote za shule.

"Mwanangu, hebu kaa," alisema shangazi. "Tangu nije hapa sijakuona umekaa. Unanitia kizunguzungu."

"Bado kidogo, Shangazi."

"Niambie ukweli. Mkeo hanitaki, siyo? Sema tu, sitakasirika. Nyumba ni ya mwanamke."

Nyundo ikabaki hewani. Mke wake hakuwa na kosa hata chembe; kila jioni alimuuliza, mbona humleti? Sasa hapa palikuwa na mlango wazi kabisa. Angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha, na mkewe asingejua kamwe. Aliona aibu kwamba alifikiria hata kidogo.

Akaweka nyundo chini, akakaa sakafuni.

"Shangazi, ile saruji haikuganda."

Akamweleza yote, polepole, hadi mkokoteni.

"Na rangi?"

"Nayo."

"Yote?"

"Yote."

Bibi akakohoa, akafuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Ukuta ule nilikuwa nauegemea nikichambua mchele," alisema. "Kila siku."

Fundi akalia waziwazi, mbele ya watu waliomwombea dua. Hakuna aliyembembeleza.

"Nifungie mzigo wangu," alisema shangazi.

Fundi alidhani anahamia kwingine. Lakini nje ya geti bibi alipanda mkokoteni uliobebea magodoro, akaelekeza kidole kilimani. Fundi akasukuma, roho juu, akisubiri hata tusi.

Mke wake alitoka mbio kuwapokea, furaha tupu. Shangazi akamsalimia vizuri, akasimama kizingitini. Sakafu ilikuwa imetoka kusuguliwa, nyekundu, inang'aa mpaka pembeni. Bibi akavua ndala, akaweka mguu mmoja, akaupitisha huku na huku.

"Rangi imekubali," alisema. "Kwangu ingependeza."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha katikati. Fundi, mzigo begani na tope la shule miguuni, akainua mguu kumfuata. Maisha yake yote shangazi alikuwa amemwita mwanangu.

"Vua viatu, fundi," alisema. "Unanichafulia sakafu yangu."