Watu wa Setilaiti Kitaluni Mwangu

Wa kwanza nilimkuta amepiga magoti nyuma ya tangi langu la maji, mkono mmoja umezama chini ya matofali, mwingine umeshika simu. Mtu mzima na miwani yake! Nikamwuliza kwa upole wangu ule ambao wateja wanaujua: "We baba, umepoteza nini kwangu?"

"Natafuta kopo, mama."

Kopo! Mimi nauza miche, siuzi makopo. Nikashika mpini wa jembe. Alitoka mbio akaacha kofia, na hiyo kofia mpaka leo naivaa nikimwagilia.

Msinione mkali bure. Tangu mume wangu afariki, mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Kesho kwa sababu hajawahi kufanya jambo leo, anasema kiwanja hiki ni cha ukoo. Hati bado ina jina la marehemu. Mtu wa damu yake akileta mpimaji, ramani ikapita ofisini mimi sijui, basi mimi na viriba vyangu elfu tatu vya miche tutahamia barabarani. Kwa hiyo anayeingia hapa na simu mkononi, macho chini, kwangu ni mpimaji tu, hata aape.

Binti yangu, mwanangu wa pekee, anafanya kazi duka la simu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, huo ni mchezo. Mtu anaficha kopo, anatangaza namba za setilaiti za mahali alipolificha, wenzake wanakuja kulitafuta. Ukilipata unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, unalirudisha palepale."

"Na huyo aliyeficha kwangu alimwomba nani ruhusa?"

Akainuka. Tukaenda tukapekua wenyewe, tukalikuta, kikopo cha vidonge kimezungushiwa plastiki. Karatasi ilikuwa na majina ishirini na mawili. Watu ishirini na wawili wameingia kitaluni mwangu bila hodi! Nikalitupa jalalani pamoja na majina yao.

Wiki mbili hazijaisha, akaja msichana. Huyu alinyooka moja kwa moja mpaka katikati ya miche ya mipapai, akasimama, akatoa simu ya pili, akaipiga picha ile ya kwanza inayoonyesha namba, akarukaruka kwa furaha, akageuka kuondoka. Nikamdaka mkono.

"Kopo nimeshalitupa."

"Kopo gani, mama?"

Kumbe yeye hatafuti kitu. Kila siku kompyuta inachagua namba kwa bahati, kama kura, na namba ya siku hiyo iliangukia kwenye mipapai yangu. Kazi yake ni kufika.

"Ukishafika unapata nini?"

"Nimefika."

Jamani, watu wana nafasi! Nikamuuzia mche mmoja, akaondoka nao amefurahi.

Jioni binti yangu akanifundisha upya, tena kwa subira ambayo sikuizoea kwake. Wa kopo huinama na kupapasa, na hutazama nyuma kama mwizi, maana hataki wapita njia wajue siri. Wa namba husimama mahali pamoja, picha, kwaheri.

"Halafu kuna wa tatu, anachora. Anatembea, simu inakumbuka kila alikopita, na ile njia kwenye ramani inatoka ua, inatoka tembo. Huyo hatafuti kitu na hasimami. Anazungukazunguka tu. Ukimwona, mwache apite."

"Na mpimaji je?"

"Mpimaji anakuja na mguu-tatu wa chuma na watu wa kuvuta kamba, mama. Acha wasiwasi, utaugua presha bure."

Nikatulia. Si sana, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Juzi Jumanne akaja mwanamume wa makamo, shati limenyooka, kifaa cha njano kinaning'inia shingoni. Akabisha hodi. Hiyo hodi ndiyo iliyonitia shaka, maana wenzake wote hawakubisha.

"Naomba nizunguke kidogo, mama. Nachora."

"Unachora nini?"

"Samaki."

Nikamfungulia mwenyewe, nikamwonya asikanyage matuta. Nikarudi kujaza viriba, jicho moja kwenye udongo, jicho moja kwake.

Akafika pembe ya kwanza, kwenye michongoma. Akasimama. Midomo ikacheza kama anahesabu, akaandika kwenye kidaftari. Akaenda pembe ya pili, akasimama, akaandika. Samaki gani huyu ana pembe? Kwenye ya tatu akainama, akaanza kufukua majani, na moyo wangu ukapasuka paa! Pale chini ndipo lilipo jiwe la mpaka, alilolizika mume wangu kwa mikono yake.

"Wee!" Nilifika na mpini kabla hajainuka. "Anayechora hasimami. Wa namba anasimama mara moja. Wa kopo haandiki mpaka apate kopo. Wewe ni nani?"

Jasho likamtoka. "Mama, mimi mpimaji. Nimetumwa tu."

"Na Bwana Kesho!"

"Huyo simjui."

"Mpigie aliyekutuma. Hapahapa, na sauti niisikie."

Akapiga. Mimi nilikuwa nimeshapanga matusi ya miaka mitatu ya yule shemeji yangu, moja baada ya jingine, nasubiri tu aseme haloo.

"Umemaliza?" Ilikuwa sauti ya binti yangu. "Fanya haraka, mnunuzi anaitaka ramani. Mama akikuuliza, mwambie unachora. Nimeshamweleza, anaamini."

Matusi yote yaliniishia. Uchungu ule sikuusikia hata siku ya kumzika baba yake. Mpimaji akaninyooshea simu bila kuniangalia, nikaipokea.

"Mwanangu," nikasema, "pembe ya nne bado haijapimwa. Njoo uipime mwenyewe. Utanikuta nimesimama juu yake."