Mwenye Gari

Obed Ngassa alikuwa amesimama juani tangu asubuhi katika yadi ya Bwana Gabrieli, pale Mikumi, na hakuna aliyemwambia akae. Mbele yake yalikuwapo malori mawili. La kwanza lilikuwa dogo na jepesi, la tani tatu, bodi lake la mbao limefungwafungwa kwa waya. Madereva walilibatiza Kibiriti. La pili lilikuwa kubwa, la magurudumu kumi, pua ndefu, matairi yamelika mpaka nyuzi zinaonekana. Hilo waliliita Bibi. Jasho lilimtiririka Obed ndani ya shati la mitumba ambalo mkewe, Imelda, alilipiga pasi ya mkaa usiku uliopita kama la harusi.

Bwana Gabrieli alitoka ofisini akichokonoa meno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, chagua."

"Nichague nini, mzee?"

"Gari. Dogo au kubwa. Kwa wengine dereva anatupiwa ufunguo tu. Kwangu mimi dereva anachagua."

Obed hakuwa amechagua kitu siku nyingi. Miaka yote ya ujana wake alivuta matrela ya mkonge katika shamba la shirika kule Kimamba, na huko hapakuwa na cha kuchagua, ila kazi ilikuwapo. Bwana Gabrieli alikuwa afisa utumishi wa shamba hilohilo. Kila mkutano alisimama akawaambia wafanyakazi, "Shirika ni lenu, jamani, litunzeni." Wakalitunza. Kisha ikaja miaka ya ruksa, mashirika yakapigwa mnada, na ni yeye aliyepanda juu ya pipa akasoma majina ya waliopunguzwa. Wale walioambiwa shirika ni lao walirudi nyumbani na mche wa sabuni kila mtu. Yeye aliondoka na malori mawili kwa bei ya kutupwa.

Tangu hapo Obed aliishi kwa mkaa. Alikwenda kuuchukua porini, akausukuma kwa baiskeli hadi Kilosa mjini. Baiskeli ikishapakiwa magunia matatu ya mkaa haipandwi tena, inasukumwa, na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha kwa kazi hiyo. Usiku Imelda alilikanda kwa maji ya moto, na hakuna kati yao aliyesema litafika wapi. Kwa hiyo kuambiwa achague kulimtia kizunguzungu.

Akayatazama magari. Kubwa lingempeleka Tunduma na kumrudisha baada ya majuma, na wanawe wangemjua kwa kuhadithiwa. Dogo lilizunguka vijijini: vitunguu vya Malolo, mahindi ya Kilangali, mbao, nondo, chochote. Dogo lingempa kulala kwake.

"Nachukua dogo, mzee."

Bwana Gabrieli akacheka. "Mchagua jembe si mkulima. Lakini mimi nimekuruhusu. Basi, kuanzia leo gari ni lako."

"La kampuni, mzee," Obed akasema kwa adabu.

"Nimesema lako. Zile enzi za shirika zimekwisha. Siku hizi mtu anatunza kilicho chake. Heze! Njoo umwandike huyu."

Hezekia, fundi rangi, alikuja na kopo lake la rangi nyeupe. Mlangoni mwa Kibiriti palikuwa na kipande cha buluu kilichokuwa kipya kuliko buluu nyingine yote, na hapo ndipo alipoanza kupiga mistari yake kwa chaki.

"Hapa palikuwa na nini?" Obed akauliza.

"Palikuwa na jina."

"La nani?"

Hezekia akachovya brashi. "La aliyekuwapo. Ngassa yako ina S moja au mbili?"

Mtu aliyeshiba angeuliza tena. Obed alijibu, "Mbili."

Na jina likakaa: OBED NGASSA, S.L.P. KIMAMBA, na chini yake uzito wa gari tupu, kama sheria ilivyotaka kwa kila lori la mizigo. Alipolifikisha nyumbani jioni ile, mwanawe mkubwa, Kashindye, alilisoma kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Imelda alizunguka gari zima, kisha akarudi mlangoni akafuta vumbi kwenye herufi kwa ncha ya khanga. Obed alijichekea mwenyewe, lakini furaha aliisikia, kwa nini tufiche? Alisimama pale akiwa mtu.

Jina lingine likamfuata barabarani. Kila alikosimama, wachuuzi walimwita "mwenye gari", na kila mmoja alijua ni utani. Hakuna mwenye gari aendaye na kandambili. Lakini mtu akitaka lifti hamwiti dereva "dereva", anamwita "mwenye gari", naye dereva akitaka kuonekana muungwana, huitika. Obed alikuwa muungwana. Aliitika kila mara.

Haukupita muda akajua kwa nini Kibiriti kilikuwa na waya mwingi hivyo. Siku moja alirudi yadi akamkuta Bwana Gabrieli anakunywa chai.

"Mzee, breki zimechoka. Nakanyaga mara tatu ndipo zinashika."

"Gari la nani?"

Obed akalitazama jina mlangoni mwa Kibiriti.

"Nimeuliza, gari la nani?"

"Langu, mzee."

"Basi lipeleke kwa fundi."

"Kwa pesa gani, mzee? Na huu mzigo nao... Gari la tani tatu, mnalipakia magunia sitini."

"Bibi akipakiwa hivyo, mizani ya barabarani itamkamata. Gari jepesi halipandi mizani. Ndiyo uzuri wake." Bwana Gabrieli akapuliza chai yake. "Lile kubwa lilikuwa hapahapa, ukalikataa kwa mdomo wako. Mchagua nazi hupata koroma. Hukushikwa mkono, Obed."

Nje ya uzio wa yadi walichuchumaa wanaume, kama walivyochuchumaa kila siku, leseni zao ndani ya vipande vya nailoni mfukoni. Wengi Obed aliwajua, walikuwa watu wa mkonge. Jovin, mdogo wake Imelda, alikuwa miongoni mwao. Alimpungia mkono shemeji yake huku akilitazama gari, wala hakujua kuficha tamaa. Obed akawasha injini. Akirudisha ufunguo leo, kesho asubuhi Kibiriti kingekuwa na jina jingine na yeye angekuwa nyuma ya baiskeli. Alilitukana bega lake, akaondoka.

Siku ya Malolo, vijana walipakia vitunguu mpaka gari likalala upande. Obed akawaambia basi, imetosha. Wakamwambia wao wameagizwa na tajiri. Alikuwa anakaza kamba alipomsikia Filomena, mwanamke wa makamo aliyechuuza vitunguu hapo gulioni, mnene, mcheshi, mwenye neno la utani kwa kila mtu.

"Mwenye gari! Leo unaniacha jua lote hili?"

"Gari limejaa, mama."

"Mimi ni gunia la sitini na moja tu. Mwenye gari, bwana!"

"Naam," Obed akaitika, akacheka. "Haya, panda. Shika kamba."

Akapanda juu ya magunia, yeye na vijana wawili wa kijijini, na Obed alimsikia akiimba mapambio kule juu hata walipoanza kuteremka kilima. Mteremko ule si mrefu. Alikanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pedali ikaenda mpaka chini, ikabaki huko. Akajaribu kurudisha gia, gia ikakataa kwa kelele ya chuma. Chini, kwenye kona, ng'ombe walikuwa wanavuka, na nyuma yao kijana wa Kimaasai na fimbo yake mabegani. Obed akaupeleka usukani kwenye ukingo wa udongo. Gari jepesi lenye mzigo wa gari zito halina pa kujishikiza. Likainuka upande mmoja, likakaa hivyo kidogo, kisha likajilaza.

Alipotoka kupitia dirishani, vitunguu vilikuwa vinabingirika barabarani, na watu walikuwa wanakuja mbio kutoka mashambani. Waliviokota vitunguu kwanza. Obed alichimba magunia kwa mikono, akiita, mpaka alipoipata kandambili moja ya kijani, na mguu ndani yake. Vijana wawili walikuwa wamesimama pembeni, wazima. Filomena alikuwa chini ya magunia ya vitunguu, na mapambio yalikuwa yamekwisha.

Kituoni walimkalisha sakafuni. Bwana Gabrieli alikuja kesho yake, amevaa shati jeupe. Afande akamvutia kiti.

"Afande," Obed alianza, "gari lile si langu. Ni la mzee huyu."

"Kadi ya gari inasema ni la shirika," afande akasema. "Shirika liko wapi?"

"Limekufa, afande."

"Na mlango unasema Obed Ngassa. Yuko wapi huyo?"

"Ndiye mimi."

"Sasa nikamkamate nani? Marehemu shirika?"

Bwana Gabrieli akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi ni mtu wa mzigo tu, afande. Namkodi huyu bwana na gari lake. Vitunguu vyangu vimekwenda na maji, lakini sina kinyongo naye. Ni kijana wangu tangu enzi za mkonge."

"Alinipa nichague, afande! Yale magari mawili yote ni yake. Hilo jina ameliandikisha yeye!"

"Ulilazimishwa kuchagua?"

"Hapana, lakini..."

"Ulikataa jina?"

Akilini Obed aliliona kopo la rangi nyeupe, na Imelda akifuta vumbi kwa ncha ya khanga. "Sikukataa."

Wakaitwa wale vijana wawili wa Malolo. Walikuwa vijana waaminifu, wala hawakuhongwa na mtu. Mkubwa wao alisimama wima kama aliyefundishwa shuleni, akasema alichokisikia kwa masikio yake.

"Marehemu alimwita mwenye gari."

"Naye?"

"Akaitika."

Obed alitaka kusema kwamba ule ni utani, kwamba kila dereva huitwa hivyo, kwamba hata afande akitaka lifti ya kwenda likizo huita hivyohivyo. Alisema yote hayo. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mtu alikuwa amekufa, na utani ukiletwa kwenye msiba unakuwa kitu kingine. Bwana Gabrieli aliondoka akampa pole. Alimpa mkono kabisa.

Imelda alikuja Jumapili na ugali na mlenda ndani ya bakuli lililofunikwa sahani. Walimruhusu akae naye kwenye ukumbi, askari kasimama mlangoni.

"Kula, Baba Kashindye."

"Watoto wamekula?"

"Wamekula." Akatazama chini. "Mzee Gabrieli alikuja nyumbani. Kaleta unga na sukari. Anasema anakuonea uchungu, hawezi kutuacha hivihivi. Kampa Jovin kazi."

Tonge likabaki mkononi mwa Obed. "Gari gani?"

"Lile kubwa. Aliambiwa achague, lakini la kuchagua liko wapi, na lako limelala hapo uani mwa kituo?"

"Wamemwandika?"

Imelda alikuwa anabandua kwa ukucha kitu cheupe kwenye ncha ya kidole chake. "Nilisogea nilisome vizuri," akasema hatimaye. "Rangi ilikuwa mbichi."

"Mama Kashindye, nisikilize. Nenda sasa hivi. Mwambie afute."

"Akifuta?"

"Akifuta..."

"Wanasimama wangapi pale kwenye uzio, Baba Kashindye?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Niambie tu tutakula nini, nami nitakwenda kumwambia."

Obed akalirudisha lile tonge bakulini.

Ndipo honi ikalia barabarani, honi nzito ya lori kubwa, mara mbili, kama madereva wanavyosalimia penye ndugu yao. Bibi alikuwa anapita, amejaa, anaelekea Tunduma. Kwenye dirisha la lori, juu ya herufi mpya nyeupe, Jovin alikuwa ametoa kichwa chote nje, anacheka, anapunga. Imelda akageuka, na kabla hajafikiri, akainua mkono wenye rangi akampungia.