Taya la Mzee Opondo

Ndinda alimfunga Mzee Opondo mkanda wa mashine ya presha, kisha akaanza kukoroga kwa maji unga wa rangi ya waridi wa kuchukulia vipimo vya meno. Ilikuwa kliniki ya chuo kimoja cha meno huko Kawangware, ambako watu wa mitaa hutengenezewa meno bure ili wanafunzi wapate midomo ya kujifunzia. Opondo, fundi wa viti kutoka Kisumu Ndogo, alitaka meno ya juu tu. Ya chini, sita ya mbele, aling'olewa kwao Siaya alipokuwa kijana, kimila, kama wenzake wote wa rika, na nyama alikuwa akiitafuna hivyo hivyo.

"Lazima nipime juu na chini, mzee. Pumua na mapua."

Trei ya kupimia taya la chini aliijaza unga uliokorogwa kupita kiasi. Uji ule ukamrudi Opondo kooni, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, na presha, ambayo hata siku njema haikuwa ndogo, ikapanda. Trei ilipotolewa, mashine ikasoma sufuri. Ndinda akabadilisha betri. Sufuri.

"Presha imebaki kwa mould, kwa huo uji ulioganda," mwalimu wake, Daktari Kimanzi, akasema bila kuinua macho. "Hutokea. Mzee, unaweza kwenda."

Plasta iliyomiminwa ndani ya mould ilipokauka, taya la chini lilikuwa likidunda kwenye rafu.

Katika zahanati ya mtaa, Opondo aliendea dawa zake za kawaida. Nesi alimpima, akampima tena.

"Huna presha, mzee. Sasa nitakuandikiaje dawa ya presha?"

Bila dawa, kichwa kilimgonga siku kadhaa. Akarudi Kawangware kwa hasira, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Doki, nirudishie presha yangu."

"Hii taya ya kung'olewa meno sita?" Kimanzi akashangaa ombi lenyewe. "Watu wa kutolewa hivi wameisha, mzee. Wanafunzi watasomea nini?"

"Na meno yangu ya juu?"

"Bado iko kwa laini."

Ndinda aliona aibu. Akaomba dawa ziandikwe kwa jina la taya, akawa anazisaga na kulidondoshea kila asubuhi. Kule Kisumu Ndogo, Opondo akiwa anapiga randa, alisikia kichwa kikitulia.

Kisha chuo kikafunga likizo, rafu ikapigwa kufuli. Opondo alianguka juu ya kiti alichokuwa akikipigilia misumari. Wakamzika Siaya, kibogoyo juu, pengo chini.

Chuo kilipofunguliwa, mjane wake Nereah alikuja na leso ya kulifungia taya. Lilikuwa bado linadunda. Kimanzi alimwambia angoje mitihani iishe, si ya muhula huu tu.

"Tumerudia kumpea dawa, presha yake sasa iko sawa kabisa, mama," Ndinda akasema, na alimaanisha kumfariji.

Nereah aliweka kidole kwenye ufizi wa plasta, akakiacha hapo kwa muda. Alilia kidogo, akajipangusa na leso.

"Basi nionyeshe vile mnampea dawa. Mkifunga tena, nitakuwa nakuja mimi."

Kimanzi akasema wakati wa likizo wageni hawaruhusiwi.