Insha ya Kweli Tupu

Darasa la sita lilikuwa na watoto sabini na wawili, madawati kumi na tisa na kitabu kimoja cha kusoma. Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya mama mmoja mfinyanzi aliyegombana na shemeji zake juu ya shamba la marehemu mumewe. Mwalimu Marcelina alikuwa amekikata kwa wembe, sura moja moja, vikatoka vipande kumi na vinne, akavishona kwa uzi wa nyavu aliopewa bure na mvuvi wa Kibirizi. Kila kundi lilikaa na kipande chake nyumbani siku mbili, kisha likasimama mbele na kuwasimulia wenzake. Waliokuwa na sura ya mwisho walikula kiapo cha kufunga mdomo.

Watoto wengi walizungumza Kiha nyumbani. Walikuwa wameingia darasa la sita wakijua kusema "ndiyo mwalimu" na "hapana mwalimu". Sasa walibishana kwa Kiswahili mpaka kengele ikawakuta.

"Ningekuwa mimi," Hamdani alisema siku ile, "ningempasulia shemeji chungu kichwani."

"Wewe?" Diana alimjibu kutoka sakafuni. "Wewe unayekimbia bata wa mwalimu mkuu?"

Darasa likaangua kicheko. Hamdani mwenyewe alicheka.

Miaka miwili nyuma, Diana hakuwa akisema neno. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa Diana Dismasi, mtoto wa marehemu kaka yake Verediana, mwanamke anayeanika dagaa Kibirizi. Mwalimu Marcelina ndiye aliyeandika, kwa mkono wake, huku akijua kwamba Dismasi alikufa bila mke wala mtoto. Mtaa mzima wa Rusimbi ulijua. Hakuna aliyeuliza. Mama Hamdani alileta sketi ya shule iliyombana binti yake, akaiacha mlangoni kwa Verediana akaenda zake, asisubiri hata kushukuriwa. Waliovuka ziwa kukimbia vita walitakiwa kukaa kambini, na mwezi ule wa tisa, mwaka wa tisini na saba, malori ya msako yalikuwa yakipita mitaani. Lakini lugha ya mtoto yule na Kiha cha majirani zilisikilizana vizuri, na mtoto alipenda shule. Mwakani angefanya mtihani wa darasa la saba.

Kicheko kilikuwa hakijaisha Bwana Noel alipoingia bila hodi.

Bwana Noel alikuwa mkaguzi wa shule, aliyehamishiwa Kigoma kutoka mbali, na kila alipokwenda aliwaambia watu jinsi Kigoma ilivyo mbali. Alisimama mlangoni akifuta vumbi la viatu kwa leso, kiatu cha kulia kisha cha kushoto, watoto sabini na wawili wakiwa wamesimama kumngoja amalize.

"Shikamoo bwana mkaguzi!"

Hakuitikia. Aliinua kipande cha riwaya kwa vidole viwili, kama anayemshika panya mkia.

"Hiki nini?"

"Sura ya tisa, bwana mkaguzi," alisema mwalimu. "Kitabu ni kimoja, kwa hiyo tuna..."

"Nimeuliza ni nini, sijauliza ni sura ya ngapi. Huyu mama mfinyanzi yupo? Anaishi wapi? Nani amewahi kumwona?"

"Ni hadithi tu."

"Ni uongo, mwalimu. Serikali inakulipa ufundishe uongo." Aliwageukia watoto. "Taifa linataka nini? Linataka madaktari. Linataka mafundi. Je, daktari anatibu kwa hadithi?"

"Haatibu!" waliitika baadhi, maana sauti yake ilidai jibu.

"Hatibu," alisahihisha, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Dereva wake alileta boksi. Ndani mlikuwa na vitabu vya maarifa, ndivyo alivyoviita: vijitabu arobaini juu ya ufugaji bora wa nguruwe. Nusu ya darasa walikuwa watoto wa Kiislamu. Hamdani alifungua ukurasa wa kwanza, akakutana na nguruwe jike na watoto wake kumi na mmoja, akakifunga taratibu na kukisukuma kwa jirani.

"Kuna shida?" aliuliza Bwana Noel.

"Hakuna, mwalimu. Nimeshaelewa."

Vipande vyote kumi na vinne viliingia ndani ya boksi lililobaki tupu. Mtoto mmoja wa sura ya mwisho alianza kulia kimyakimya, na mwenzake akampangusa kwa ukosi wa shati lake.

Kisha mkaguzi akataka kuona maandishi yao. Alichukua chaki akaandika ubaoni: *Safari Niliyosafiri.* Chini yake akapiga mistari miwili.

"Ukurasa mmoja. Sitaki kutunga. Sitaki mama mfinyanzi. Nataka kweli tupu: ulitoka wapi, ulipita wapi, ulifika wapi, na nani. Atakayedanganya nitamjua."

Mwalimu Marcelina alipita kati ya watoto mpaka alipoketi Diana, akainama kana kwamba anaokota chaki.

"Andika ile safari uliyokwenda Kasulu na shangazi kuuza dagaa," alisema kwa sauti ndogo.

Diana alimtazama kwa mshangao. "Lakini mwalimu, Kasulu sijafika."

"Mwalimu!" Bwana Noel aligonga meza. "Usiwatafunie. Rudi mbele."

Akarudi mbele. Alisimama kando ya ubao, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa, akamwangalia Diana akiinamia daftari. Mtoto aliandika bila kusita, ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo. Alijaza ukurasa, akafunua wa pili. Siku zote mtoto yule alifanya alichoambiwa na mwalimu, na leo aliyeamuru alikuwa mkubwa kuliko mwalimu.

Bwana Noel alikusanya madaftari mwenyewe.

Kesho yake Mwalimu Marcelina aliomba ruhusa, akaenda ofisini kwa mkaguzi. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Saa saba Bwana Noel alitoka akaenda kula, akarudi, akampita tena. Mhudumu wa ofisi, mzee Martini, alimletea chai yake mwenyewe ndani ya kikombe cha bati, akasema, "Kunywa, binti yangu, huyu ndivyo alivyo." Saa tisa aliitwa.

Madaftari yalikuwa mezani. La Diana lilikuwa juu, limefunguliwa.

"Nimekuja kuomba daftari moja, bwana mkaguzi. Huyo mtoto hakuelewa swali. Niruhusu aandike upya."

"Hakuelewa?" Alilivuta karibu, akasoma kwa sauti ya anayefurahia chakula. "'Jina langu la nyumbani ni Nduwimana. Nilisafiri kwa mtumbwi kutoka Burundi. Tulikuwa na mama mpaka katikati ya ziwa. Shangazi Verediana si shangazi yangu ila alinikuta kwenye mchanga wa Kibirizi akanipa uji.' Mwalimu, nimekagua shule kumi na moja. Huyu ndiye mtoto pekee aliyeelewa swali."

"Ni mtoto, bwana mkaguzi. Ametunga. Watoto hutunga."

"Nilikataza kutunga."

"Mzee wangu, nakusihi. Tazama darasa lilivyo. Mtoto mmoja akisoma atampunguzia nani?"

"Sasa unataka nifute ukweli?" Aliegemea kiti. "Kwenye daftari la mahudhurio ameandikwa mtoto wa Dismasi. Nani aliandika?"

Mwalimu alilitazama daftari la Diana pale mezani.

"Ndiyo matatizo ya kusoma hadithi," alisema Bwana Noel. "Nimeshapeleka taarifa panapohusika. Jina lako nimeliacha nje, maana nina huruma. Nenda ukafundishe."

Lori lilikuja Alhamisi, saa ya uji. Watu wawili wa msako walisimama mlangoni na karatasi. Hawakuwa wakali, mmoja wao alimwambia Diana avae kandambili zake kwanza, njia ina mawe. Verediana alikuja mbio kutoka Kibirizi, mikono imejaa magamba, khanga ikiburuzika.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mnampeleka wapi? Ni wangu!"

"Karatasi inasema si wako, mama. Ameandika mwenyewe."

Diana alikuwa tayari amepanda. Alimtafuta Mwalimu Marcelina kwa macho, akampata.

"Mwalimu, niliandika kweli yote," alisema. Alikuwa bado anangoja kuambiwa kama alikosea.

Mwalimu alifungua mdomo. Lori likawaka.

Verediana naye aliitwa kuhojiwa kwa kosa la kumficha mtu. Alirudi jioni, akakaa mlangoni kwake na majirani wawili. Dagaa wake wa siku ile walibaki mchangani bila wa kuwageuza, mpaka mwanamke asiyemjua akawageuza.

Jumatatu dereva wa mkaguzi alirudisha madaftari yamefungwa kamba, pamoja na barua. Barua ilisema kwamba kiwango cha darasa ni duni, kwamba wanafunzi wengi wameathiriwa na hadithi, na kwamba insha iliyoongoza inakiliwe ubaoni, wanafunzi wote waiandike neno kwa neno ili iwe mfano.

Mwalimu Marcelina alifungua daftari la juu. Kwa kalamu nyekundu paliandikwa: *18/20. Vizuri. Hukutaja tarehe, wala idadi ya abiria.*

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani kuhakikisha barua inatekelezwa. Mwalimu akachukua chaki. Aliandika mstari wa kwanza, akaandika wa pili. Nyuma yake kalamu sabini na moja zilikwaruza karatasi. Alipofika katikati ya ziwa, mkono ulisimama, naye akausubiri mpaka ukaendelea.

"Mwalimu," aliita Hamdani.

"Sema."

"Hapa palipoandikwa 'jina langu'. Tuandike lake, au kila mtu aandike la kwake?"