Hesabu Hadi Kumi

Kila asubuhi, robo saa kabla ya geti la wageni kufunguliwa, Bi Ndoo alimwaga maji ya jana kwenye birika la saruji, akakung'uta vumbi kwenye majani makavu, kisha akasimama mbele ya banda la tatu kuangalia punda milia wake amebakiwa na milia mingapi. Jumatatu hiyo ilikuwa minne, yote karibu na kwato. Jumamosi ilikuwa saba. Jumapili huwa na watu wengi.

Jina la Bi Ndoo alipewa na wafanyakazi wenzake kwa sababu hakuonekana popote bila ndoo. Hata kwenye harusi ya mhasibu alikwenda nayo, akaiweka chini ya kiti, akasema ametoka kazini moja kwa moja. Alikuwa amewatunza wanyama wa bustani ile kwa miaka ishirini na miwili, na punda milia yule, ambaye yeye alimwita Bibie, alimpenda kuliko wote. Hakulificha jambo hilo.

Kwingine watu huwatazama wanyama kwa mbali, kupitia waya. Bustani hii ilikuwa ya kugusa. Twiga alikula majani mkononi mwa mgeni, chatu alilazwa mabegani mwa yeyote aliyethubutu, na kobe alivumilia kukaliwa pembeni na familia nzima ikipiga picha. Bibie aliletwa akiwa na mwaka mmoja, mwenye woga wa kupindukia. Wageni walimpigapiga mgongoni kama wanaofunga mlango wa gari, naye alijibamiza ukutani mpaka akachubuka.

Bi Ndoo ndiye aliyepata dawa. Siku moja ya likizo alimleta binti yake, wakati huo ana miaka kumi, akamshika mkono na kuuweka shingoni mwa Bibie, chini ya sikio.

"Usimpapase," alimwambia. "Weka kiganja kitulie, uhesabu hadi kumi."

Binti akahesabu. Bibie akafumba macho. Mkono ulipotolewa, shingoni palikuwa na pengo jeupe, na kiganjani mwa binti palikuwa na mlia mweusi kutoka kwenye kifundo hadi kidole cha kati. Walikwenda bombani wakausugua kwa sabuni, haukutoka, wakaenda kula. Meneja, aliyekuwa akipita, aliona jinsi mnyama alivyotulia, na kabla ya wiki kwisha akaagiza bango: TULIZA KIGANJA, HESABU HADI KUMI.

Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita. Waliofuata agizo waliondoka na mlia mmoja kila mtu. Wale wakorofi waliomgusa na kukimbia hawakupata kitu, na ilionekana ni haki yao. Mjini milia ikawa jambo la kawaida. Vinyozi waliionyesha kwenye kioo, wachumba waliunganisha viganja kuona kama yao inakutana, na ofisi ya vitambulisho iliongeza mstari kwenye fomu, baada ya rangi ya macho. Bibie akaendelea kupauka. Wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu hakuwahi kumpiga mtu teke, na huenda angepiga mawili matatu mambo yasingefika huko.

Kisha akashika mimba. Daktari wa wanyama alimpima, akavua glavu, akamweleza Bi Ndoo jambo ambalo Bi Ndoo alikuwa akilijua, ila alikuwa hajataka kulisikia.

"Mtoto akishasimama humtazama mama yake siku mbili tatu. Anaisoma milia yake. Ndivyo anavyomjua."

"Na kama hakuna cha kusoma?"

Daktari akaandika kwenye fomu kwamba mimba inaendelea vizuri.

Suluhisho lilikuja na msichana mdogo aliyekuwa amejifunza shuleni kuhesabu kinyumenyume. Alikuja na baba yake mara ya pili, akaweka kiganja kile kile ubavuni mwa Bibie, akahesabu kwa madaha kutoka kumi hadi moja. Alipotoa mkono, kiganja kilikuwa kitupu na mlia umerudi mahali pake. Msichana akalia hadi kwenye maegesho. Bi Ndoo alisubiri wageni waishe, akaweka kiganja chake begani mwa Bibie, akahesabu kinyumenyume, akaurudisha mlia wake mwenyewe, alioupata kwa kumtuliza. Tangu hapo hakumtuliza tena kwa mkono. Alimgusa harakaharaka tu, kama anayepangusa vumbi kwenye koti, na jambo hilo lilimuuma kila siku.

Alikwenda ofisini kwa meneja na ndoo yake.

"Bi Ndoo," meneja alisema, "unataka niwaombe watu warudishe kitu tulichowapa wenyewe?"

"Ndiyo. Na tufunge banda la tatu siku tatu akizaa."

"Shule zinafunga mwezi ujao."

"Najua."

"Sasa?"

Hakuwa mtu mbaya. Kufunga alikataa, lakini alimruhusu abandike tangazo getini, mradi lisizibe ratiba ya kulisha twiga. Tangazo likakaa wiki tatu. Alikuja mwalimu mstaafu, akaja dereva wa gari la taka, wakaja dada wawili waliokuwa wamegombana na kila mmoja akidai yeye ndiye aliyeanza kufika. Wengine wengi walikuja na tangazo lenyewe mkononi, kuuliza kama inaruhusiwa kuongeza wa pili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukihesabu na wa msichana, na wa Bi Ndoo mwenyewe, ilirudi milia sita.

Ndipo akaenda saluni alikofanya kazi binti yake. Alimkuta anamsuka mteja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhusu mkono wako."

"Nilijua utakuja. Tangazo wateja wanalizungumza kutwa."

"Wako ni wa shingoni, chini ya sikio. Mtoto akisimama, hapo ndipo jicho lake linapoanzia."

Binti alimaliza msuko mmoja, akaufunga uzi, akaanza mwingine.

"Mama, nilipougua surua ulikuwa wapi?"

"Bandani."

"Na siku nilipomaliza shule?"

"Bandani. Twiga alikuwa hali."

"Sikulaumu, maana tulikula kwa kazi hiyo." Akafungua kiganja, nusu kikiwa kimefunikwa na nywele za mteja. "Lakini miaka yote hiyo, kitu ulichowahi kunipa kutoka huko ni hiki. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala nacho shavuni. Leo unakuja kukichukua umpelekee mtoto wa punda."

Mteja aliangalia kioo kwa makini sana. Bi Ndoo alijuta, na si kwa ajili ya punda peke yake. Alitamani kusema kwamba angejua angerudi nyumbani mapema, lakini hakuwa na hakika kama ni kweli, na uongo hakuuzoea. Akaomba radhi. Binti akasema yamekwisha, kwa sauti ya mtu ambaye hayajamwisha. Bi Ndoo akaokota ndoo yake, akaondoka bila kuuliza tena.

Bibie alizaa siku ya pili ya likizo, saa moja asubuhi, dume dogo lenye milia iliyokoza. Wafanyakazi walimwita Kadogo. Alisimama kwa kuyumba, akamtazama mama yake. Alianzia shingoni, hakukuta kitu. Akaenda begani, akakuta mmoja, akaukazia macho. Akazunguka taratibu, mbavu kwa mbavu, kama mtu aliyepewa barua yenye kurasa zilizochanwa na bado anataka kujua imetoka kwa nani. Bi Ndoo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiomba kimoyomoyo geti lichelewe.

Geti lilifunguliwa saa tatu kamili. Wageni walifika kwenye uzio, wakamwona, wakainua mikono kumpungia. Kadogo aligeuka. Aliacha maziwa, akaenda kwenye uzio, akapita kiganja kwa kiganja akinusa na kulamba, na kila kiganja chenye mlia alikilalia kichwa. Mmoja alikuwa na mgongo wa mama yake, mwingine paja, mwingine sehemu ya uso. Watu walifurahi mno.

Hakurudi kwa Bibie. Alipoitwa aliinua masikio, akamwangalia kwa heshima, kama unavyomwangalia mtu mzima usiyemfahamu, kisha akaendelea na viganja. Kwa Bi Ndoo pia hakuja, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtupu. Maziwa ya Bibie yakawa yanakamuliwa na kutiwa kwenye chupa, na wageni wakapanga foleni kumnyonyesha. Meneja akaagiza bango jipya: KADOGO, MTOTO ANAYEPENDA WATU.

Bi Ndoo aliomba jambo moja tu, kwamba kwa Kadogo mtu asihesabu. "Gusa, toa!" alisema kutwa nzima. "Gusa, toa!" Na kweli, kwa wiki mbili Kadogo hakupoteza hata mlia mmoja. Lakini mikono ile ya haraka ilimtia kiwewe. Kila ilipomwangukia alishtuka, akakimbilia waya, na siku moja akajichana juu ya jicho. Akaanza kulala akiwa amesimama. Akaanza kukataa chupa. Daktari alimsikiliza kifua, akasema moyo mdogo kama ule hauwezi kukimbia hivyo kila siku, utasimama.

Jumapili iliyofuata binti yake Bi Ndoo alikuja. Hakusema kama atakuja. Alikata tiketi kama wengine, akapanga foleni kama wengine, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle tangu alipokuwa na miaka kumi. Kabla hajafika mbele, Kadogo alikuwa amekwishawaacha wote. Alipenya katikati ya miguu ya watu, akafika kwake, akakinusa kiganja cha kulia, akatia uso mzima ndani yake.

"Ananijua," binti alisema.

"Anamjua mama yake," alisema Bi Ndoo.

Upande wa pili wa banda, Bibie alikuwa amesimama akiwatazama. Foleni nyuma ilikuwa ndefu, mikono imeshaanza kunyooshwa, mmoja akamgusa Kadogo mgongoni na kutoa, kama alivyoagizwa. Ngozi yote ya Kadogo ikatetemeka. Kidonda cha juu ya jicho kilikuwa kimefunguka tena.

Binti aliinua mkono wa kushoto, ule usio na kitu, akausimamisha hewani.

"Mama, huyu anaogopa. Nimguseje?"

Bi Ndoo aliweka ndoo chini. Alimtazama Bibie, kisha akamtazama Kadogo, na hakuona njia ya tatu.

"Usimpapase," alisema. "Weka kiganja kitulie."

"Nihesabu hadi ngapi?"

"Kumi, mwanangu."

Binti akaweka kiganja shingoni, chini ya sikio, akamgeukia mama yake amwanzishie. Kwa hiyo Bi Ndoo akamhesabia yeye mwenyewe. Alipofika nne Kadogo aliacha kutetemeka. Alipofika sita alifumba macho, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuhesabu pamoja naye.