Mhuri Juu ya Hina

Nyinyi kina mama mliotunza tiketi za ile bustani ya maji ya Pomboo, huko Diani, tangu Idd ya mwaka jana, nawaomba msome haya kabla hamjawavisha watoto nguo. Mimi si msomi, darasa la nane ndio mwisho wangu, lakini yaliyonipata nimeyaona kwa macho yangu na sitaki yampate mwengine.

Kwanza niwakumbushe ilivyokuwa. Mwaka jana, Idd pili, nilimpeleka binti yangu Twaiba pamoja na Abdulrahim, mtoto wa dada yangu. Tiketi ya mtoto ilikuwa na vipande vitatu: cha kuingia, cha bwawa dogo, na cha ule mtelezo mkubwa wa buluu unaozungukazunguka juu mpaka ukaja kumwaga watu kwenye bwawa la kina. Tiketi ya mzazi ilikuwa na kipande kimoja tu, cha kuingia, maana sisi kazi yetu ni kukaa kwenye viti tukilinda viatu. Watoto wakamaliza bwawa dogo, wakapanga foleni ya mtelezo, na hapo ndipo stima ilipopotea. Pampu zikazima, mtelezo ukakauka. Tukangoja mpaka alasiri. Mwisho akapita jamaa mmoja na kipaza sauti mkononi akitangaza kwamba tutunze tiketi zetu, vipande vilivyobaki vitafanya kazi siku yoyote tutakayorudi, na sote tunakaribishwa. Alisema sote. Wazazi na watoto tulikuwa tumesimama pale pamoja, hakubagua.

Twaiba alilia mpaka Msambweni. Nikamwambia nyamaza mwanangu, mtelezo wako uko palepale, tiketi ninayo, ni haki yako. Tiketi zote tatu nikazibana kwa pini moja nikazitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mwaka mzima, kila nikifungua mkebe ule, yeye yuko begani kwangu.

"Mama, bado ziko?"

Ziko, namwambia, na anaondoka akiruka.

Idd hii ikafika. Mwezi ulipoandama nikampaka hina mwenyewe, viganja, kucha na migongo ya mikono, maua mpaka juu ya vifundo, ikakolea nyekundu hasa. Wifi yangu Mwanarusi alipomwona akasema huyu si mtoto wa Idd, huyu ni bibi harusi, mtafutieni posa. Twaiba akafurahi, akawa anatembea na mikono mbele kama amebeba sinia. Idd pili tukaenda Diani, mimi na yeye tu. Abdulrahim hakuwapo, wazazi wake wamehamia Lunga Lunga kwa biashara, lakini tiketi yake nikaichukua hivyohivyo kwa kuwa ilikuwa kwenye pini moja na zetu.

Mlangoni watu walikuwa wengi, kila mtoto na nguo mpya, kila msichana na hina yake. Anayepokea tiketi ni kijana mmoja mwenye fulana ya manjano, jina lake limeandikwa kifuani, Fondo. Akaitazama tiketi ya Twaiba, akamrudishia mkononi, akasema hii bado ina mtelezo, apite. Kisha akaniuliza kama mtoto anajua kuogelea. Nikasema hajui kabisa.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Utaratibu wao ni kwamba mtoto asiyejua kuogelea hugongwa mhuri mwekundu mgongoni mwa mkono. Wale wanaosimamia mtelezo wakiuona ule mhuri humvisha mtoto boya, na huwekwa mtu kule chini wa kumpokea. Asiye na mhuri huachwa ateleze mwenyewe kama mtu mzima. Ni utaratibu mzuri, sina neno nao. Basi Fondo akamshika Twaiba mkono, akagonga mhuri wake mwekundu juu ya hina nyekundu.

Nikainama nikatazama. Hapakuwa na mhuri. Palikuwa na maua tu.

"Kaka, mbona hauonekani?"

"Umegongwa, mama. Songa, watu wangoja."

"Umegongwa lakini hauonekani. Mgonge mahali pengine."

"Mimi nagonga mkono, mama. Ndivyo nilivyoambiwa."

Akamsukuma mtoto kwa mgongo, kile chuma chao cha mlangoni kikazunguka, Twaiba akawa ndani. Nami nikatoa tiketi yangu nimfuate. Fondo akaigeuza mbele na nyuma, akasema hii imekwisha, kipande chake kililiwa mwaka jana, niende dirishani nikaipandishe, yaani niilipie iwe ya leo. Nikamwambia basi nitolee mtoto kwanza. Akasema chuma hakirudi nyuma, kinaingiza tu, na mlango wa kutokea uko upande wa pili, na mtoto hatolewi ila na mzazi aliye ndani.

Nimekaa nikalifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Mtoto wa darasa la pili mnamwingiza, mama yake mnamzuia, halafu mwasema hatoki mpaka mama awe ndani.

Nikamwambia Twaiba kupitia kwenye vyuma asimame palepale karibu na pipa la taka, asiende popote. Nikaenda dirishani. Kule nikamkuta binti anaitwa Cynthia, kucha ndefu, simu sikioni. Nikamsalimu, nikamweleza. Akasema tiketi mpya za leo zimekwisha, bustani imejaa, lakini ya zamani inaweza kupandishwa. Nikasema alhamdulillahi, ipandishe, nitalipa chochote kinachotakiwa. Akaibonyeza kwenye mashine yake, akasema ya mzazi haipandi peke yake, inapanda pamoja na za watoto zilizokatwa nayo siku ile, lazima zote tatu ziwe hapa mezani.

"Moja iko na mtoto, na mtoto yuko ndani," nikamwambia.

"Basi mwite atoke."

"Hatoki bila mimi kuingia."

"Mama, mimi siwezi kukusaidia, sistimu inakataa."

Nikamwambia achukue kitambulisho changu na simu yangu avikalie mpaka nirudi na mwanangu. Akacheka kidogo, akasema simu yenyewe ya kubonyeza nitaifanyia nini, mama, kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi, huko ndani kuna waokoaji, mtoto yuko salama. Nikamuuliza huyo mwokoaji atamjuaje na mhuri hauonekani. Akamwita mtu wa nyuma yangu.

Nilipogeuka kutazama penye lile pipa, Twaiba hakuwapo.

Sikujiuliza amekwenda wapi, nilijua. Mwaka mzima mtoto anaambiwa mtelezo ule ni wako, tiketi iko mkononi mwake ina kipande chake, ataacha kwenda? Naye maji yakimpita kiunoni hana lake. Nikarudi mlangoni nikipita watu, wakaanza kunung'unika, mama mmoja akasema wengine Idd wameifanya mashindano ya mbio. Fondo akaniona akafungua mdomo kunirudisha dirishani. Sikumpa nafasi. Niliichomoa ile tiketi ya Abdulrahim kwenye pini nikamwekea mbele ya macho.

"Hii ina kipande cha mtelezo au haina?"

"Inacho. Lakini hiyo ni ya mtoto, mama."

"Nionyeshe palipoandikwa umri."

Akaigeuza. Hapakuandikwa. Tiketi zile za mwaka jana zilitofautiana vipande tu, rangi moja, karatasi moja.

"Wewe mwenyewe umesema," nikamwambia, "mwenye kipande hupita."

"Mwenye kipande huenda kuteleza. Utateleza na buibui hilo?"

"Nitateleza na buibui, na viatu, na mkoba. Nipishe."

Yule mama wa mbio akacheka, akasema mpishe mtoto, Fondo, asije akalia. Foleni nzima ikacheka. Fondo naye akaona haya, akaachia chuma. Nikaingia. Na mhuri hakunigonga, wala hakuniuliza kama najua kuogelea, nami sijui.

Sikumbuki nilivyoifikia ile ngazi. Nakumbuka ilikuwa imelowa, na watoto wakilalamika kwamba huyu mama anaruka zamu, na mimi nikiwaambia samahani wanangu, samahani. Juu kabisa nikamwona. Amekaa kwenye mdomo wa mtelezo, miguu imo majini, gauni la Idd limemvimba kama puto, uso wote umejaa furaha. Hana boya. Nyuma yake kijana mwenye filimbi shingoni ameinua mkono amwachilie.

Nikamshika gauni mgongoni kwa mikono miwili. Nikasikia uzi ukikatika.

"Shikamoo, mama," yule kijana akasema, ameshtuka. "Kuna nini? Hii ni zamu yake, kipande chake nimeshakata."

Alikuwa kijana wa adabu, jina lake Salimu, kwao ni huku kwetu Msambweni. Nikamwambia huyu hajui kuogelea. Akasema kama hajui angekuwa na mhuri. Nikamwambia anao, utafute. Akaishika mikono ya Twaiba, akaigeuza huku na huku, akaiinua kwenye jua.

"Mama, hii ni hina tu."

Nikatoa taulo jeupe mkobani, nikalichovya kwenye maji ya mtelezo, nikausugua mgongo wa mkono wake. Hina iliyokolea haitoki kwa taulo, hilo hata yeye alijua, ana dada zake. Kilichotoka ni wino. Doa jekundu likabaki kwenye taulo, na lile duara la mhuri likifahamika nusu yake.

Salimu akalitazama doa lile. Kisha akasema polepole, kama anajiuliza mwenyewe, "Leo nimewaachia wangapi?"

Akapuliza filimbi, akafunga mtelezo kwa mnyororo, akachungulia chini. Nami nikachungulia. Kule kwenye kina kulikuwa na msichana mwenye hina mpaka viwikoni, ameukumbatia ukuta wa bwawa, anakohoa, na mwokoaji wa pekee aliyekuwapo anamtazama kijana mwengine upande wa pili. Salimu akapiga filimbi tena, yule mwokoaji ndipo akamwona. Msichana akatolewa mzima. Mama yake nilimwona baadaye, alikuwa nje dirishani kwa Cynthia, tiketi mkononi.

Mtelezo uliposimama ndipo meneja alipotokea. Shati limepigwa pasi, tabasamu pana. Akanipeleka pembeni kwenye kivuli, akaniletea soda, akasema anasikitika, na kwamba kwa usumbufu huu tiketi zangu zote atazipandisha ziwe kadi za mwaka mzima, bila malipo, mimi na mtoto na yeyote nimtakaye, mradi tusiwaharibie watu Idd yao.

"Dirishani nimeambiwa sistimu inakataa," nikamwambia. "Sasa inakubali vipi?"

Akasema yeye ndiye meneja. Nikamwambia kadi sitaki. Nataka achukue kile kipaza sauti cha mwaka jana apite atangaze kwamba watoto wenye hina mhuri wao hauonekani, na amwambie Fondo agonge pengine, na mzazi asitenganishwe na mtoto mlangoni. Akasema mawazo yangu ni mazuri sana, atayapeleka kwenye mkutano wa Jumatatu.

Jumatatu Idd itakuwa imekwisha.

Soda yake sikuimaliza. Nikamchukua Twaiba analia, nikatoka kwa mlango wa kutokea, lakini sikwenda nyumbani. Nikazunguka mpaka mlango wa mbele nikasimama kando ya foleni na lile taulo. Kila mama niliyemwona ameshika mtoto mwenye hina na tiketi ya zamani nikamwonyesha doa, nikamweleza. Wengine walinitazama kama mwendawazimu. Mmoja alisema mimi nina wivu kwa kuwa nimekatazwa kuingia. Mpaka mama mmoja aliyekuwa ameshagongewa mtoto akauinua mkono wa bintiye, akauangalia, akalamba kidole chake na kuusugua mkono ule. Kidole kikawa chekundu. Akamgeukia Fondo, akamwonyesha kidole tu. Foleni ikasimama. Na meneja akaja, akaamuru waendelee kuingia, na kina mama hawakuingia.

Fondo alikuwa na mhuri wake mkononi, macho mara kwa meneja, mara kwa yule mama. Kisha akamwita mtoto wa mbele, akamsukuma ushungi nyuma kidogo, akamgonga kwenye paji la uso. Nyekundu, duara zima. Meneja akamuuliza anafanya nini, picha za watu zitatokaje. Fondo alinigeukia mimi.

"Mama, hapa unaonekana?"

"Unaonekana."

Akaendelea. Mpaka tunaondoka watoto walikuwa wanaingia na mapaji mekundu, na wazazi wao nyuma yao, kwa sababu hakuna mama aliyekubali tena kutanguliza mtoto, na Fondo hakuuliza vipande vya wazazi.

Sasa nawaambia. Tiketi za zamani mkiambiwa bado zinafaa, ulizeni kwanza kama zinamfaa mzazi. Mtoto asipite chuma kabla yako, hata foleni ikutukane. Na kama umempaka hina, mhuri wa mkono usiukubali, toa paji la uso, toa shavu, toa popote pale ambapo ngozi ni ngozi. Meneja msimngojee Jumatatu yake. Mimi namngoja mpaka leo.

Twaiba hakusema nami siku hiyo wala iliyofuata. Kipande chake kilikatwa na mtelezo hakuuteleza, na kwa akili yake aliyemdhulumu ni mimi, si wale. Gauni nimelishona palipochanika, hata hakulitazama. Jana nilipofungua mkebe wa biskuti kutafuta kitu changu, nikamsikia begani kwangu.

"Mama, ya Abdulrahim bado iko?"

Iko. Kipande chake cha mtelezo hakijakatwa. Nikamwambia itakaa humo mpaka hina imtoke kwenye kucha zote, na baba yake atakapokuja kutoka Shimoni amfunze kuogelea kwanza. Akaondoka bila kuruka, akaenda kukaa mlangoni akizitazama kucha zake.