Kwato Kifuani

Huu ulikuwa mwaka wa kumi na nne kwa Roland Entwistle kuwa nahodha wa timu ya kushoto katika kipindi cha Nani Kawasha Hii? Kazi yenyewe haikuwa na siri. Unaonyeshwa kipande cha kipindi cha zamani cha televisheni, nawe unakikejeli mpaka watu washike mbavu. Alama zilitolewa, lakini hakuna aliyezijali, na jibu sahihi ndilo hasa lisilotakiwa. Mgeni akijibu sahihi mzaha wote unakufa, na wenzake humtazama kama mtu aliyemwaga chai kwenye zulia la mwenye nyumba.

Alasiri hiyo ya Novemba, kabla ya kurekodi, mtayarishaji Bridget Lomas alimfuata kwenye chumba cha kujipodolea.

"Roland, mpenzi, sikufichi kitu. Tangu Machi huchekeshi. Wakubwa wa juu wanataka sura mpya, na mimi nimechoka kukutetea. Leo nipe kitu, la sivyo unga unamwagika."

"Nitakupa."

"Najua kuondoka kwa Glenys kumekuvunja…"

"Nimesema nitakupa, Bridget."

Na alikuwa na nia ya kumpa. Bila kipindi hiki alibaki na nyumba kule Bury, birika la chai, na kiti cha marehemu mkewe, Glenys, ambacho hakuwa na moyo wa kukisogeza. Mtu wa sitini na nane haanzi upya.

Wakaingia ukumbini. Watu mia tatu walikuwa wamekaa na makoti yao yaliyolowa mvua ya Salford. Tamsin Okell, nahodha wa timu ya kulia, binti mwenye ulimi wa wembe, alimwanza mapema.

"Mzee Roland, wewe televisheni uliikuta au ilikukuta?"

"Nilikuwepo inazaliwa, mwanangu. Ilitoka ikiwa mbaya kama wewe."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha adabu tu. Bridget, aliyesimama nyuma ya kamera, hakucheka.

Kikaja kipengele cha Kipi Kilifuata. Hapo kipande kinakatishwa katikati na manahodha wanabuni upuuzi wa kumalizia. Fergus, mwendesha kipindi, alisema kanda hii ya watoto ya mwaka 1974 ilidhaniwa imefutwa, mpaka ilipookotwa darini kwa mpiga picha mmoja mstaafu. Skrini ikawaka. Shamba la maboksi, matufaha ya karatasi, na punda wa miguu miwili akicheza juu ya mkokoteni. Punda akateleza, akaanguka chini kifudifudi. Picha ikasimama hapo.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

Ndani ya vazi lile alikuwa Glenys. Jina lake halikuwahi kuandikwa mwisho wa kipindi, na kanda zote zilifutwa ili kurekodia vipindi vingine; mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi nilifutwa na mechi ya mpira." Siku ile kipindi kilikuwa kinakwenda hewani moja kwa moja, na Roland alikuwa kijana wa kushika mabango ya maneno ya kusomwa na waigizaji, kushoto mwa kamera.

"Haya Roland, kipi kilifuata?"

Alitafuta kejeli, akaikosa. Akasema kweli.

"Ataamka. Kifundo cha mguu kimevunjika, lakini ataamka. Atageuka kushoto, maana mimi niko pale, na ataweka kwato kifuani. Maana yake, mzima mimi, usiogope."

Watu walidhani ni mzaha wa aina mpya. Picha ikaendelea. Punda akaamka, akageuka kushoto, akaweka kwato kifuani. Ukumbi ukaangua kicheko ambacho hakikuwahi kusikika mwaka ule wote. Bridget alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Roland alikuwa anaangalia ishara ileile aliyoonyeshwa na Glenys kila asubuhi mlangoni kwa miaka arobaini na nane, na mara ya mwisho hospitalini, wakati sauti yake ilikuwa imeshakwenda.

Baada ya kurekodi kuna desturi: pale palipoharibika sauti panarudiwa, na watazamaji, kwa hisani yao, hucheka upya kana kwamba hawajasikia. Cheko la Fergus lilikuwa limefunika maneno ya Roland. Ilibidi yarudiwe, na kanda pia, ili nyuso zilingane na picha.

Mara ya kwanza ulimi ulimteleza kweli. Wakarudia, punda akaamka. Mara ya pili akasema kulia badala ya kushoto. Mara ya tatu akakohoa. Mara ya nne akasahau neno "kwato", mtu ambaye hajawahi kusahau neno jukwaani maishani mwake. Kicheko kilizidi kupungua. Watu walianza kuvaa makoti.

"Roland, ni sentensi nne tu," Bridget alisema, na safari hii hakumwita mpenzi.

Mara ya tano akanyamaza kabisa, macho kwenye skrini. Bridget alifunga faili lake. Roland aliona, akajua ni nini kimefungwa pale. Hata hivyo akasema, "Mara moja tu. Nawaombeni."

Tamsin akaja akachuchumaa kando ya kiti chake.

"Mle ndani ni nani?"

"Mke wangu."

"Si ungesema. Tungekutolea nakala, ukaiangalia nyumbani kwa raha zako."

"Nyumbani nani atacheka?" Roland alisema. "Glenys aliishi kwa kicheko cha watu, Tamsin. Mimi peke yangu simtoshi."

Tamsin alirudi mahali pake. Kanda ikachezwa mara ya sita, punda akaanguka, na ukumbi ulikuwa kimya. Ndipo Tamsin akacheka, kwa sauti kubwa, peke yake, huku machozi yanamtoka. Mama mmoja mwenye koti nusu mwilini akamfuata, kisha safu nzima, kisha wote.

Punda akaamka, akageuka kushoto.